Wino

Darasa la shule, bonde la juu ya Gardezi,
theluji hadi kizingitini.
Annelies aliweka mezani sanduku la plastiki,
unaona hadi upande wa pili,
ili, alisema, pasiwe na siri.
Mimi nilikuwa ulimi wake, nikilipwa kwa siku.

Wanaume arobaini, viatu mlangoni,
nyuma ya pazia wanawake, mlio tu wa vikombe.
Alipofika kwenye haki ya mtu mmoja, peke yake,
nilitafuta neno, nikatafuta:
kwetu mtu peke yake ni mtu aliyefukuzwa.
Nikasema, "haki ya kila nyumba."
Wakaitikia kwa vichwa. Akafurahi.
Mungu anisamehe.

Kisha Mulla Nazirgul akainua kichupa:
"Wino huu wa kidoleni, unazuia maji?"
Annelies akasikia sumu. "Ni salama kabisa,
na hautoki hata ukisugua, wiki mbili."
Wiki mbili. Nikaona midomo ikihesabu.
Swala sabini.
Sabini bila udhu, kwa ajili ya karatasi!
Akapekua kijitabu chake, kurasa mia na kumi na mbili,
foleni, rufaa, wizi wa kura, njia ya viti vya magurudumu,
udhu haumo.
Akanitazama. Nikatazama jiko.

Mulla hakukasirika. Aliomba birika,
akachovya kidole chake mwenyewe, akangoja kikauke,
akakimwagia maji, akakisogeza dirishani
kama sonara apimaye pete ya rehani.
Kuni zikapasuka motoni.
Ndipo, nyuma ya pazia, Spozhmai mkunga:
"Hina tunapaka tangu hatujaota meno ya pili.
Leo ndiyo mnauliza habari za rangi na maji?"

Kicheko kile hakikuhitaji mkalimani.
"Rangi si utando," Mulla akakata shauri, "maji yanafika,"
na Annelies akaandika: mafunzo yamefaulu.

Lakini Mulla alikuwa bado hajaketi,
kidole kimewiva zambarau.
"Mwambie mgeni wetu. Tukimchagua
mtu ambaye huko kwao hawampendi,
sanduku hili litabaki hivi hivi, la kuona ng'ambo?"

Hilo nililitafsiri lote, neno kwa neno,
la kwanza tangu asubuhi.

Annelies akaanza kutafuta kifuniko cha wino.
Alikitafuta muda mrefu.
Kilikuwa mkononi mwake.