Mshumaa Kwanza

Kabla ya Pintilie kushuka, hushuka mshumaa.
Ameusimamisha ndani ya mkebe wa samaki,
anauteremsha kwa uzi wa kushonea magunia, midomo ikihesabu,
na sisi sote, hata mbwa, tunachungulia
kama watu walioinamia kitanda cha mgonjwa.
Ukiwaka, anavusha mguu ukingoni.
Ukizimika, anakalia ndoo, anamenya kitunguu saumu:
"Leo ardhi ina pumzi mbaya. Tuisubiri."

Mama mkwe, Tudosia, hakutaka kisima kipya.
Cha zamani alikichimba marehemu Serafim
mwaka aliotoka jeshini, hatua kumi tu kutoka zizini,
na maji yake, alisema, ni matamu kuliko yote ya bonde la Raut.
Kweli yalikuwa matamu. Ndiyo iliyokuwa shida yake.
Ilinca alikuwa na wiki saba. Maziwa ya unga,
maji ya babu yake, nimeyachemsha mara mbili
(sikujua: sumu hii ukiichemsha unaikoleza),
na alfajiri moja midomo yake ilikuwa na rangi ya plamu.

Muuguzi alichovya kikaratasi katika glasi.
Kikawa waridi, waridi iliyoiva,
rangi nzuri kabisa, ya kitambaa cha harusi.
"Maji hufuata mkondo," akasema,
"na samadi hufuata maji."

Basi tukapima upya: juu ya zizi, juu ya choo,
hatua hamsini. Nilizihesabu tena mwenyewe,
maana miguu ya Pintilie ni mirefu
na ndoo nitaibeba mimi.

Pete ya kwanza ya zege tuliilaza nyasini.
Anachimba akiwa ndani yake, chini ya ukingo wake,
nayo inazama kwa uzito wake, kidole kwa kidole,
kisha ya pili juu yake, kisha ya tatu,
udongo usipate upenyo wa kumwangukia.
Mimi nazungusha gurudumu la kamba.
Udongo mweusi, siku mbili. Wa manjano, tano.
Kisha mfinyanzi wa kijivu, unanata kama kinyunga,
na kwenye mita ya nane mshumaa ukazimika.
Tulifungua mwavuli, tukaufunga kamba,
tukaupandisha na kuushusha kutwa nzima, tukilipepea shimo.
Majirani walicheka.
Mke wa Ghenadie hakucheka. Alikuwa na kaka.

Siku ya kumi na tatu sauti yake ilibadilika,
kama mtu aliyeingia chumba kingine.
"Teremsha glasi," akasema. "Si ndoo. Glasi."
Ilipanda na tope. Tukaiweka dirishani.
Kufika jioni tope lilikuwa limelala,
na juu yake vidole viwili vya kitu nisichokiona
ila kwa jinsi dirisha lilivyopinda ndani yake.

Hatukunywa. Kokoto chini, mfinyanzi ukashindiliwa kuzunguka pete,
sakafu ya saruji yenye mteremko, kifuniko, klorini, siku za kungoja,
hadi kikaratasi cha muuguzi kilipotoka cheupe kama kilivyoingia.

Mama mkwe hakuuliza kitu.
Alichukua koleo, akavua leso ya kichwani,
akakizika kisima cha Serafim kwa mfinyanzi tuliotoa kule,
jioni nne, peke yake. Sikuthubutu kumsaidia.
Ya tano akaja na kikombe chake mwenyewe.
Akaonja. "Hayana ladha," akasema,
akakinyosha tena nimjazie.

Kila masika, theluji ikishayeyuka,
tunabadili kamba, tunaziba nyufa za sakafu,
tunamteremsha mtu na brashi.
Ndoo ni moja, ina msumari wake, haigusi ardhi.
Uzi anaushika Ilinca, ana miaka sita,
amelala kifudifudi, kidevu juu ya zege baridi.
"Unawaka," anasema.

Na bado tunasubiri kidogo.