Mzigo wa Mwezi

Fomu inataka maneno mia tatu, lisizidi hata moja.
Ninayo mia tatu arobaini na sita,
na saa tatu kasorobo kabla dirisha la kupokea mada halijafungwa.
Hapa Isamilo mawe bado yanatema joto la mchana
kama pasi iliyosahauliwa juu ya kanga.

Mhandisi Lwitakubi amesoma rasimu.
Amezungushia wino mwekundu sentensi ya nne:
*Mzigo wa umeme hupanda na kushuka kwa mwezi.*
Pembeni kauliza: Mwezi upi? Januari? Juni?
Nikamjibu: Ule wa juu.

Maana mbalamwezi ikitanda, dagaa hawaifuati taa ya mvuvi;
wanayo kubwa zaidi, ya bure, isiyo na bili.
Mitumbwi inalala. Betri hazirudi bandani kuchajiwa.
Jua linamwagika juu ya paneli arobaini za Mulaga
na hakuna wa kulikinga.
Kisha giza linarudi. Foleni ya betri
inatoka bandani mpaka kwa muuza maandazi,
na kufika saa tano asubuhi inveta inalia
kwamba imeelemewa.

Hilo ndilo nililoligundua.
Nimeandika hivyo: *nililoligundua*.

Kaunta buku ni ya Nyabise Magesa, mwenye banda.
Kila betri: namba, mwenyewe, saa ya kuingia, deni.
Na kando ya kila tarehe kiduara,
tupu, au nusu, au kimekolezwa wino.
Wiki mbili nilinakili tarakimu zake, viduara nikaviruka,
nikidhani mama anachora tu akisubiri wateja.
Siku nilipouliza, alinitazama
kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.
“Si mwezi huo?”

Lipo pengo la siku tisa, Septemba.
Kwenye ikisiri nimeliita *hitilafu ya upimaji*.
Usiku huu nampigia, nipate uhakika tu, nifute shaka.
Simu inaita mpaka nakaribia kuikata.
“Siku hizo? Tulikuwa na msiba. Mtoto wa dada yangu,
ziwani. Hakuna aliyeshusha mtumbwi, kisiwa chote.”
Kimya. Kuku, au mlango.
“Usiandike mashine iliharibika.
Mashine ilikuwa nzima. Ni sisi tuliozima.”

Basi nakata.
Nafuta *bunifu*. Nafuta *endelevu*, mara tatu,
sijui hata ziliingiaje.
Nafuta *shirikishi* na aya yake yote,
nafuta jina refu la mradi lenye koma mbili,
nafuta *nililoligundua*.
Naongeza: *Siku tisa za matanga
zimeachwa kwenye jedwali kama zilivyo.*
Lwitakubi atasema hiyo si lugha ya kitaalamu.
Aseme.

Mwandishi wa kwanza: Magesa, N.
Taasisi: fomu haikubali nafasi kubaki wazi.
Naandika *Banda la Kuchaji, Mulaga*.
Cheo: chagua kimoja.
Profesa. Daktari. Mhandisi. Mwanafunzi. Mengineyo.
Kidole kinasita hapo kuliko popote usiku huu.
Miaka kumi na minne ya viduara,
Mengineyo.

Mia tatu na moja.
Natafuta neno lisilofanya kazi, nalikuta: *sana*.

Nabonyeza. Kwenye skrini kiduara kinazunguka,
tupu, nusu,
nimeshika pumzi kama mtoto aliyefichwa nyuma ya mlango,
kinajaa.
*Imepokelewa. Asante, Magesa.*

Namba ya kumbukumbu nimeiandika kiganjani.
Kesho boti inaondoka Kirumba saa mbili.
Nitampelekea, pamoja na kaunta buku mpya;
ile ya zamani imebakiza kurasa nne,
na giza linaanza Jumanne.