Marufuku

Maishani nimepiga simu nyingi:
nimempigia fundi wa hita saa saba usiku,
nimepigia ubalozi hadi nikaukariri muziki wao wa kusubiri.
Jumatatu ile ndiyo mara yangu ya kwanza
kuipiga marufuku.

Tangazo niliandika mwenyewe, wino mwekundu,
nikalibandika juu ya saa ya kugongea kadi.
Hapa Winnipeg tunafua mashuka ya hospitali.
Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri, ndani jasho.
Elfu nne kwa zamu,
na shuka haliulizi kama umelala.

Chanzo ni Bahizire.
Alijitanda shuka kama bibi harusi,
akacheza kati ya meza mbili za kukunjia, sekunde kumi na tisa,
na watu elfu arobaini walikwisha kumtazama
kabla hajashuka kwenye basi.
Nyuma yake, juu ya toroli,
karatasi ya wodi yenye jina la mgonjwa.
Watu elfu arobaini hawakuiona.
Mwanasheria mmoja aliiona.

Bwana Kowalchuk akaniita.
Simu yake ililala kifudifudi mezani,
ikawaka pembeni, ikazima, ikawaka,
kama mtoto anayemvuta mama sketi mbele ya wageni.
"Wewe wasemaje?"
Nikaviona vidole vyake vikiifuata, vikarudi.

Nikasema kazi ni kazi.
Nikasema roli la kupigia pasi halina macho,
halitofautishi kidole na pindo la foronya.
Na nilisema kweli: mwaka juzi Dorota
alisoma ujumbe mmoja tu, wa dada yake,
na hadi leo mkono wa kushoto haufungi kifungo.

Sikusema kwamba choo cha pili, chenye komeo bovu,
nakifahamu vizuri,
maana ndiko mtandao unakoshika.

Likanunuliwa sanduku: vyumba ishirini na vinne, kufuli moja.
Ufunguo nikapewa mimi.
Asubuhi wanapanga foleni, wanazilaza simu zao,
wengine wakizifuta kioo kwanza.
Bahizire yake aliivisha soksi.
"Isipate baridi, bosi."

Wiki ya kwanza mashuka yaliongezeka mia tatu.
Kowalchuk akanipiga bega.
Wiki ya pili yakarudi yalipokuwa.
Watu waligundua dirisha.
Watu waligundua mazungumzo,
na Hortensia akagundua kuwa hampendi Dorota.

Kisha wakaja vijana watatu kuomba kazi.
Mmetujuaje? nikauliza.
Wakatazamana. "Tulimwona yule wa shuka."
Nikawaonyesha sanduku. Mmoja hakurudi.

Meza yangu iko kando yake.
Linanguruma, linakohoa.
Mwanzoni zilikuwa kelele tu, siku hizi nazitambua.
Ndefu, kimya, ndefu: mwenye nyumba anamdai Bahizire.
Mfululizo usiovuta pumzi: kamati ya harusi ya akina Hortensia.
Fupi mbili, saa tisa na dakika ishirini:
mwana wa Marivic, miaka kumi na mmoja,
amefika nyumbani, amefunga mlango.

Jana saa tisa na ishirini sanduku lilinyamaza.
Na nusu, kimya.
Theluji ilikuwa ikianguka kimshazari.
Marivic hakuinua kichwa,
ila foronya ile ile aliikunja mara nne.

Saa kumi kasorobo. Fupi. Fupi.

Nikavuka ukumbi kati ya matoroli,
mimi mwenye wino mwekundu,
nikamwinamia sikioni, mashine zikivuma:
"Amefika."
Hakuuliza nani. Hakusema asante.
Alivuta shuka jingine.

Ijumaa Kowalchuk anataka ripoti, ukurasa mmoja:
marufuku inafanya kazi, au haifanyi?
Niliandika: Inafanya.
Nikafuta.
Anayefanya kazi ni mimi,
natembea na habari za watu
toka sandukuni hadi mashineni,
mara kumi na nne leo tu,
na jioni hii sina chaji.