Jezi za Olabarri

Ya kwanza ilitoka mwaka ule mvua ya masika
ilipotuingilia hadi ndani ya vibanda, Kongowea.
Nikakata ukanda wa robota kwa kisu cha kuparia samaki,
na juu kabisa, kabla ya kamera zote, ikachomoza yeye:
nambari thelathini na nne, saizi ndogo,
mgongoni OLABARRI.

Nambari kubwa hivyo hupewa kijana
wa kukaa benchi na kushika chupa za wenziwe.
Nayajua haya. Nami nilishika chupa Tononoka
miaka miwili, kabla ya kuambiwa: vua, ingia.

Ya pili ilikuja baada ya Idi. Nambari tatu,
mistari ya kijani, tangazo la kiwanda cha jibini.
Beki tatu! Mjini wamwita hivyo hata mtumishi wa nyumbani,
wala hawakukosea:
sote twafagia walipochafua wengine,
na hatutajwi mpaka kikombe kivunjike.

Tangu hapo nikawa namtafuta.
Wenzangu wakipekua suruali, mimi natazama migongo.
Mishi wa mashuka akaniuliza, "Huyo Mhispania akudai?"
Hanidai, nikamwambia. Twacheza upande mmoja.

Ikaja ya bluu, yenye jina la benki
ambayo nasikia ilifilisika.
Kwapa limeshonwa upya, na uzi haukufanana:
mtu alishona usiku, labda mama yake,
labda yeye mwenyewe, hotelini, taa ikiwa mbaya.
Mkono wa kushoto umenyauka
pale kitambaa cha unahodha kilipobana.
Hiyo sikuiuza. Nilisema ina tundu.

Kisha marobota matatu, manne, kumi.
Hapana Olabarri.

Nikalishika goti langu, hili lililolia kama kijiti
uwanja wa Manispaa, fainali, kipindi cha pili,
winga wa Malindi aliponipita
kama anayepita mlango ulio wazi.
Fundi wa mifupa wa Bondeni alilikanda kwa mafuta ya simsim,
akalinyoosha, akanambia: Utatembea.
Hakusema utakimbia.

Basi nikajua alipo.
Nikamwombea, kwa jina lake lile refu,
katikati ya dua za watu wa nyumbani.

Akarudi. Nambari kumi na tano, saizi kubwa,
nembo ya mji nisiowahi kuusikia,
na mdhamini, bucha.
Bucha! Nikacheka peke yangu hadi Mishi akageuka.
Lakini ubavuni mlikuwa na doa la majani
lisilotoka kwa sabuni, wala ndimu, wala jiki.
Kumbe bado alikuwa akijitupa chini.
Kwa umri ule. Kwa ajili ya bucha.

Jana akaja kijana wa Kisauni, Shekuwe,
akaipima kifuani, akaipenda.
"Ntolee hili jina tu. Simjui huyu."
Hakuna amjuaye, nikamjibu, ndiyo kazi yake.
Akahesabu mia tatu, sarafu nyingi kuliko noti.

Nikapasha pasi ya makaa,
nikabandua O, nikabandua L,
herufi moja moja, kama kigaga cha kidonda kilichopona.
Zikatoka zote.

Lakini jua la kwao lilikuwa limekwisha kula kitambaa
pembeni mwa herufi, na chini yake
rangi ilibaki mbichi, ya dukani,
kwa hivyo jina likasimama palepale,
zito kuliko lilipoandikwa.

Shekuwe akaigeuza, akaikodolea. "Mbona halijatoka?"
Limetoka. Wacheza wapi?
"Nyuma."
Nikamrejeshea hamsini yake.