Kwenye Basi Lipi

Basi.
Kwetu neno hili hufunga mazungumzo,
hufungua mengine, hubeba abiria.
Ndani ya kibanda cha vipimo, ukingoni mwa mto Emajõgi, Tartu,
lina kazi ya nne:
njia za shaba, nyembamba kama uzi wa kushonea,
ambamo vifaa hupanda na kushuka bila nauli.

Leelo Kuusk amekodoa macho kwenye faili.
Nje ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
mto umejifunika barafu hadi shingoni,
na kiini kipya cha mfumo, alichokipika tangu saa nane mchana,
kimeamka na upofu wa kuchagua:
kimeona diski, kimeona kibodi,
kipimo cha maji hakikukiona.

Faili lenyewe ni ukoo.
Kila kifaa hutajwa na mzazi wake:
diski kwenye kidhibiti,
kidhibiti kwenye basi,
basi kwenye daraja, daraja kwenye ubao mama,
na juu kabisa neno moja, mzizi,
lisilo na "kwenye" yake.
Asiyetajiwa kwao hana kwao.
Kiini hakigombi naye, hakimfukuzi.
Humpita tu.

Basi jipya lina tabia njema:
bisha hodi tundu kwa tundu, kila kadi itaitika,
itataja kiwanda, toleo, na haja zake.
Kwa hilo unaandika alama ya kuuliza, yatosha:
basi lolote, tundu lolote,
ingieni, tutajuana humo humo.

Lile la zamani, refu, jeusi,
wakazi wake hawasemi.
Ukiita, kimya.
Ukiita vibaya, mashine nzima inaganda
kama ndoo iliyosahauliwa uani.
Humo sharti uwasemee wewe:
mlango mia tatu, kwa hesabu ya kumi na sita,
mkatizo wa tano,
yupo, niamini.

Leelo aliandika tano. Kitabu kilisema tano.
Skrini ikaleta kina cha mto: sentimita elfu sitini na tano na ushei,
Tartu nzima chini ya maji, kilima cha kanisa kuu nacho.
Akacheka peke yake.
Kisha akakumbuka kwamba saa kumi na mbili asubuhi
kuna watu watakaoisoma namba hiyo.

Akampigia Endel, aliyestaafu Elva na kufuga nyuki.
"Mimi usiniulize, nina supu motoni," akasema Endel.
"Fungua kifuniko."
Akakata.

Vumbi. Buibui mmoja, mkavu.
Kwenye kadi ya kipimo, kidaraja cha plastiki,
kidogo kuliko punje ya mtama,
kimekaa juu ya pini za saba.
Saba! Na tano je?
Tano ilikuwa na mwenyewe, pembeni:
kadi ya sauti.
Kadi ya sauti, kwenye kibanda cha kupimia mto!
Wiki iliyopita Leelo aliufuta mstari wake:
nani anahitaji muziki hapa?
Lakini kufuta mstari si kung'oa kadi.
Ilibaki mahali pake, haina jina,
imeshikilia tano yake kwa meno.

Akawaza masika ya mafuriko,
Endel na chupa ya chai, usiku wa tatu bila kulala,
maji yakipanda kidole kwa kidole,
na kodiani ikilia kutoka kwenye sanduku la chuma.

Akaandika saba.
Akaurudisha na mstari wa kadi ya sauti,
ingawa spika ilikwisha kuibwa zamani.
Juu yake akaweka alama ya reli,
ile inayokiambia kiini: ruka, haya si yako,
akaandika:
*Ya Endel. Haipigi kelele. Iacheni.*

Akapika upya. Akangoja, viganja kwapani.
Mistari ikashuka, mtoto kwa mzazi, mzazi kwa mzizi,
hadi kipimo kikajitaja, kwenye basi la zamani, mkatizo wa saba.
Sentimita mia moja na kumi na mbili.
Chini ya barafu, mto ulikuwa unatembea.

Basi.