Gari Langu Linasemaje

Jumamosi, baada ya isha, nawakusanya wageni
kwenye sheli ya Mikocheni.
Elfu arobaini kwa kichwa, maji na mishikaki humohumo.
Nawaambia mapema: msiguse rangi, msiegemee.
Mwenye gari atakusamehe ukimtukania mama,
hatakusamehe ukimkwaruzia mlango.

Kwanza Gerezani. Maduka yamefungwa,
ila fundi Mkumbukwa yuko chini ya Cresta na taa ya waya,
miguu yake tu ndiyo inayotuamkia.
Hapa ndipo springi hukatwa.
Gari la mhasibu wa Nagoya, lililozoea kwenda sokoni polepole,
hushushwa hadi liinuse lami,
hufungwa ekzosi yenye kikohozi cha mlinzi wa alfajiri.

Kisha Kawe, kiwanjani.
Yamepangwa mstari, boneti wazi,
kama watoto wa shule mbele ya daktari wa meno.
Mark II ya zambarau. Altezza mbili, pacha, wenyewe hawasemezani.
Na Salha wa Tegeta na Chaser yake nyeupe,
aliyoinunua kwa upatu wa miaka minne
(mumewe alisema chagua; akachagua).
Huisugua rimu kwa mswaki.
Mgeni akamuuliza, inakimbia kiasi gani?
Salha akamtazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya mwanawe.

Langu mimi ni Verossa.
Lilishuka bandarini na vibandiko vyake kiooni,
na kila nikiliwasha, mwanamke ndani ya dashibodi
husema maneno yake, taratibu, kwa adabu,
kama muuguzi anayekuita jina kwenye foleni.
Miaka saba.
Wajerumani nimewaambia: anasema karibuni.
Wakenya nimewaambia: anatuombea safari.
Na mama yangu, Mungu amrehemu,
alfajiri zile nilipokuwa nampeleka Ocean Road kwenye mionzi,
alikaa mbele na kanga yake, akamsikia,
akaitikia amina.

Jumamosi ile alikuwepo Bi Nishikawa wa Toyama,
mjane wa fundi wa springi,
na Kiswahili chake cha Morogoro,
alikofundisha hesabu ujanani.
Usiku mzima hakuniuliza kitu.
Aliinama kwenye kila kioo, akisoma vibandiko kama barua za shangazi:
hiki cha maegesho ya hospitali,
hiki cha ukaguzi,
hiki kinasema, mtoto yumo ndani.

Foleni ya daraja la Kigamboni, kwenye tozo,
nikazima injini kubana mafuta. Ikasogea, nikawasha.
Mwanamke akasema.
Bi Nishikawa akaziba mdomo, mabega yakamtikisika,
nikadhani analia.
Kumbe!
"Anasema, kadi haijaingizwa."
Kadi gani, mama?
"Ya kulipia barabara."
Na pale dirishani binti wa tozo
amenyoosha mkono.

Tulicheka mpaka wa nyuma wakatupigia honi.
Nikalipa. Nikaondoka.
Katikati ya daraja kicheko kikaniishia mdomoni.
Niliziona zile amina, moja moja,
alfajiri kwa alfajiri,
zikimwendea mashine anayedai nauli.

Bi Nishikawa alikuwa anatazama taa za bandari,
zile meli pana zinazoshusha magari.
Akasema bila kunigeukia:
mume wangu aliichomoa sauti hiyo kwenye kila gari. Ilimkera.
Kisha, baada ya kimya:
wewe usiichomoe.

Jumatatu, saa kumi na moja, giza bado,
nimeliwasha peke yangu.
Akasema.
Nikaitikia amina, mdomo ulishazoea,
halafu nikajikuta
najipapasa mifukoni.