Zinazongoja

Řehoř amekuja na diski ndani ya soksi ya sufu,
theluji mabegani, kofia hajaivua.
"Inagonga," anasema.
Jengo letu zima la Ostrava linajua: mzee huyu
alichimba makaa miaka thelathini na mmoja,
na kitu kikigonga
hunyamaza kwanza, asikilize.

Naichomeka. Tk. Tk. Kisha mvumo.
Kwenye dirisha jeusi dmesg inamwaga mistari:
hitilafu ya kusoma, hitilafu ya kusoma,
kifaa kimekatika, kifaa kimerudi.
Usifungue faili lolote, namwambia,
na kuikarabati hata usikutaje.
Mgonjwa wa moyo hapandishwi ngazi.

Tuushuku waya kwanza; waya ni bei ya mkate.
Nabadilisha waya, nabadilisha tundu,
naiuliza smartctl.
Imefaulu, inajibu, juu kabisa.
Řehoř anatabasamu.
Ngoja, teremka chini:
saa za kuwaka, elfu kumi na tisa;
sekta zilizohamishwa, sifuri;
sekta zinazongoja, nane.

"Zinangoja nini?"
Zisomeke. Au zikatiwe tamaa.
Anavua kofia.

Humo mna njiwa wake, kila pete ya mguu,
walioachiliwa Cheb, walioachiliwa Passau,
na dakika waliyotua.
Kuna safu ameiacha tupu, ya wale wasiotua.
"Sikuandika wamekufa. Kwani nilikuwapo?"

Baada ya robo saa nauliza tena.
Ishirini na nne.
Basi si waya.

Naweka diski mpya kando, naiamuru ddrescue
ichote kwanza kinachokubali,
iruke panapouma,
irudi baadaye, taratibu, safari hii kinyumenyume.
Tunakunywa chai. Anaeleza jinsi jike mmoja wa kijivu
alivyorudi kwa miguu, akivuka barabara kama mama mkwe.
Saa sita usiku. Asilimia tisini na tisa nukta tisa,
kisha inakwaruza palepale,
palepale.

Alfajiri zimebaki kilobaiti kumi na mbili.
Ni za faili gani, sijui.
Huenda ni mahali pasipoandikwa kitu kamwe.
Namwambia hivyo, naye anatikisa kichwa
kama mtu aliyewahi kuambiwa hivyo juu ya shimo.

Ananiachia mtungi wa matango ya siki,
anaivalisha diski mbovu soksi yake,
anashuka ngazi akiishika kwa mikono miwili.
Ile mpya ameisahau mezani,
ingali na joto.